Nani Huchora Kitufe: Maktaba za Madirisha Zilizopimwa Kwenye Kaunta ya Lubumbashi

Umeme unaporudi saa nne asubuhi katika komuni ya Kenya (nasema ile ya hapa Lubumbashi, si nchi), dada wa kasa huwasha kompyuta huku wanunuzi watano au sita wakisubiri mbele ya kaunta. Mmoja ameshika kufuli, mwingine ana karatasi yenye vipimo vya mabati, na wote wanautazama mgongo wa skrini kana kwamba unawadai. Kompyuta hiyo ilinunuliwa ikiwa imekwisha kutumika kwingine. Ina kumbukumbu ya gigabaiti 2, diski ya zamani ya kuzunguka, na Windows 7 ya Kiingereza ambayo Mama mwenye duka hataki iguswe, kwa sababu printa ya risiti inaelewana nayo na yeye hana haja ya kujua zaidi ya hapo. Kwa ajili ya mashine hiyo nimeandika programu ya stoku na fakture (ankara) mara tatu, kila mara kwa maktaba nyingine ya kuundia madirisha (yaani msimbo uliokwisha kuandikwa, unaompa mwandishi wa programu dirisha, vitufe na majedwali), na kila mara nikiwa na hakika kwamba safari hii nimechagua vizuri.

Watu wanapolinganisha maktaba hizi huweka picha mbili sambamba, dirisha la Qt huku na dirisha la Tk kule, kisha huuliza lipi linapendeza. Mimi pia nilianzia hapo. Lakini tofauti zilizonigharimu siku na usingizi hazikuonekana katika picha yoyote: zilikuwa katika namna kosa linavyotangazwa, katika kazi ya kibodi kila mara mtu abonyezapo Enter, katika maneno yaliyoandikwa juu ya vitufe ambavyo si mimi niliyevichora, na katika umri wa mfumo ambao maktaba inakubali kuukalia.

Swali la kwanza ninalojiuliza siku hizi ni nani anayechora kitufe. Fundi anayejenga nyumba anaweza kwenda kwa mchomeleaji wa mtaani akanunua mlango uliokwisha kuungwa, anaweza kuunga mlango wake mwenyewe kwa vipimo vyake, au anaweza kuja na nyumba nzima juu ya lori. Maktaba kama wxWidgets, iliyoanzishwa na Julian Smart mwaka 1992 katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, na LCL, maktaba ya Lazarus (zana ya kuandikia programu kwa lugha ya Pascal), ni za aina ya kwanza: huuomba mfumo wa kompyuta utoe kitufe chake halisi. Qt na GTK ni za aina ya pili, kwani hujichorea karibu kila kitu na kuiga tu sura ya mfumo zinapotaka. Electron ni lori, maana kila programu yake hubeba kivinjari kizima cha Chromium pamoja na Node.js, kiendeshaji cha lugha ya JavaScript. Tk iko katikati: kwenye Linux hujichorea yenyewe, ilhali kwenye Windows huazima mengi kutoka kwa mfumo.

Nilianza na Tk kwa sababu ya uvivu, na sioni aibu kusema hivyo. Mtu anayesakinisha lugha ya programu ya Python kwenye Windows huipata Tkinter, daraja la Python kwenda Tk, humo humo bila kupakua kitu kingine, na katika mji ambako megabaiti hununuliwa kwa vocha, hilo si jambo dogo. Tk yenyewe ilitengenezwa na John Ousterhout huko Berkeley kama mwenza wa lugha yake ya Tcl, ikaanza kusambazwa mwaka 1991. Hadi leo, unapoandika Tkinter, ndani ya programu yako ya Python kuna mkalimani wa Tcl anayepokea amri zako kimyakimya. Kwa bahati, SQLite, hifadhidata ambamo stoku yote ya duka imehifadhiwa, nayo ilizaliwa mwaka 2000 kama kiongezi cha Tcl, kwa hiyo toleo langu la kwanza lilikuwa kikao cha ndugu wawili waliokutana tena bila kujuana.

Kwa siku mbili nilikuwa na dirisha lililofanya kazi. Lilifunguka upesi hata kwenye ile diski ya zamani. Vitufe vilikuwa na sura ya kawaida ya Windows, kwani tangu toleo la 8.5 la mwaka 2007 Tk ina seti ya pili ya viungo, iitwayo ttk, inayofuata mandhari ya mfumo. Mama alilitazama, akasema, "Mwanangu, hii hata mimi naiweza," na nikarudi nyumbani nikiwa mtu mkubwa.

Wiki iliyofuata dada wa kasa aliniita. Mnunuzi alikuwa amebadili nia baada ya fakture kuandikwa, naye akataka kuifuta. Programu ilimwuliza kwa Kiswahili safi, "Unataka kufuta fakture hii?", na chini yake kulikuwa na vitufe viwili, OK na Cancel. Alibonyeza Cancel. Fakture haikufutika. Akarudia, akabonyeza Cancel tena, mara nne.

"Yaya," akaniambia, maana hapa ndivyo anavyoitwa ndugu mkubwa, "si umeniuliza kama nataka kufuta? Nami nimebonyeza ile ya kufuta."

Alikuwa na haki kabisa. Kiingereza chake kinatosha kujua kwamba *cancel* ni ndugu wa *annuler* ya Kifaransa, yaani kubatilisha, na *annuler* ndiyo hasa kazi aliyotaka kuifanya. Kosa lilikuwa langu, kwa kuuliza swali la aina hiyo ndani ya kisanduku cha aina hiyo. Lakini nilipotaka kubadilisha maneno ndipo nilipogundua nani anachora nini: kisanduku cha ujumbe cha Tk kwenye Windows si cha Tk, ni cha Windows yenyewe, na maneno ya vitufe vyake hufuata lugha ya mfumo. Hakuna mahali pa kumwambia aandike "Futa" na "Iache". Ilinibidi niunde dirisha dogo langu mwenyewe, nilizuie dirisha kubwa lisibonyezwe wakati lile dogo liko wazi, nipange wapi kielekezi kisimame, na nikumbuke kwamba kitufe cha Tk huitikia ufunguo wa nafasi tu. Enter hakijali mpaka uifunge mwenyewe kwa mkono.

Katika Qt kazi hiyo ni mistari mitatu. Kisanduku chake cha ujumbe huchorwa na Qt yenyewe, kwa hiyo unaongeza kitufe, unakipa maandishi yoyote ya lugha yoyote, kisha unakitajia wadhifa wake: hiki ni cha kukubali, hiki cha kukataa, hiki cha kuharibu. Kwa mwandishi wa programu za Kiswahili, hoja hii ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Maktaba inayoazima kutoka kwa mfumo huazima pia lugha ya mfumo, na kompyuta nyingi zilizoko madukani kwetu huzungumza Kiingereza au Kifaransa. Wanaosifu vitufe halisi vya mfumo huwa wanaishi mahali ambapo mfumo unazungumza lugha yao.

Kosa la pili la Tk lilikuwa baya zaidi, kwa sababu halikuonekana. Mtu aliyesoma kwa Kifaransa huandika nusu kwa mkato, 12,5 badala ya 12.5, na Python ikipewa maandishi hayo iyageuze kuwa namba hukataa na kutoa kosa. Katika Tkinter, kosa linalotokea ndani ya kazi (kipande cha msimbo) iliyoitwa na kitufe haliiangushi programu: huandikwa kwenye dirisha jeusi la amri, na programu inaendelea. Lakini programu niliyoifunga kwa ajili ya duka haikuwa na dirisha jeusi. Kwa hiyo dada aliandika mita 12,5 za waya, akabonyeza "Ongeza", na hakikutokea kitu. Hakuna ujumbe, hakuna mlio. Akabonyeza tena. Akafikiri kompyuta imechoka. Nilichukua muda mrefu kulielewa, kwa kuwa kwangu nyumbani, ambako dirisha jeusi lilikuwa wazi, mimi mwenyewe nilikuwa naandika nukta.

Nilipohamia PyQt5, daraja la Python kwenda Qt, nilikutana na tabia iliyo kinyume kabisa: kuanzia toleo la 5.5, kosa la Python lisiloshikwa ndani ya kazi ya namna hiyo huiua programu yote papo hapo. Dirisha linatoweka pamoja na fakture iliyokuwa ikiandikwa. PySide, ambayo ni daraja jingine la Python kwenda Qt ileile, huandika kosa na kuendelea, kama Tkinter. Nimewahi kusikia vijana wakibishana kwa ukali ni daraja lipi lenye kasi zaidi, ilhali jambo hili, ambalo mwenye duka ataliona siku ya kwanza, halitajwi. Kwa vyovyote vile, jibu ni kuandika mshika-makosa wako mwenyewe anayeonyesha ujumbe na kuuhifadhi katika faili. Tkinter inakuruhusu kwa kuandika upya kazi moja tu, na PyQt kwa kubadilisha ndoano ya makosa ya Python yenyewe. Ni dakika kumi za kazi. Mimi zilinichukua miezi miwili kuzifikia.

Sasa niseme kilichonihamisha hasa, maana si sura. Duka lilikuwa na bidhaa mia tisa nilipoanza. Baadaye Mama alifungua depo, na orodha ikapita elfu nne: misumari kwa kila urefu, bomba kwa kila kipenyo, rangi kwa kila kopo. Jedwali la ttk hubeba mistari yake yote tumboni. Dada anapoandika "bo" akitafuta bomba, programu yangu ilikuwa inafuta mistari yote na kuijaza upya, halafu anapoongeza herufi ya "m" inarudia. Kwenye kompyuta yangu haikuonekana. Kwenye ile ya kaunta, herufi zilikuwa zinachelewa kutokea kama mtu anayeongea kwa simu ya mtandao mbaya. Nilijaribu kuahirisha utafutaji kwa robo sekunde baada ya herufi ya mwisho, na hilo lilipunguza maumivu bila kuuondoa ugonjwa.

Qt huligawa jambo hili katika sehemu mbili. Kuna jedwali linaloonekana, na kuna kielelezo cha data kilichoko nyuma yake. Jedwali halimiliki chochote. Linapohitaji kuchora, hukiuliza kielelezo: una mistari mingapi? Mstari wa 37, safu ya 2, una nini? Linauliza kwa ajili ya mistari inayoonekana tu, ambayo kwenye skrini ile haizidi ishirini na kitu, na mistari elfu nne iliyobaki haigharimu uchoraji wowote. Kati ya viwili hivyo unaweza kupachika chujio linalopanga na kuficha bila kuigusa data ya asili. Siku niliyoiona orodha ikijichuja herufi kwa herufi bila kusita, kwenye kompyuta ileile, niliacha kuilalamikia mashine.

Gharama ya njia hii ni kwamba lazima uelewe kielelezo kabla ya kuona mstari mmoja kwenye skrini, na nyaraka hudhani kwamba tayari umeelewa. Niliandika kielelezo changu cha kwanza nikisahau kutangaza kwamba mistari imeongezeka. Data ilikuwepo, jedwali halikujua. Yule aliyezoea Tk, ambako unaingiza mstari na mstari unaonekana, atatukana. Vumilia.

Qt nayo ilinitega, na mtego wenyewe ulikuwa Enter. Mama alinunua kile kifaa cha kusoma msimbo wa mistari kwenye makopo ya rangi. Kwa kompyuta, kifaa hicho ni kibodi tu: huandika namba, kisha hubonyeza Enter. Katika dirisha la mazungumzo la Qt, vitufe huzaliwa vikiwa tayari kuitikia Enter hata kama kielekezi kiko ndani ya kisanduku cha maandishi. Kwa hiyo dada alisoma kopo la kwanza, na dirisha likakubali na kujifunga likiwa na bidhaa moja. Akafungua tena, akasoma la pili, likajifunga. Dawa ni kukiambia kila kitufe kisijitolee, kwa amri fupi ya `setAutoDefault(False)`. Tk, ambayo niliikasirikia kwa kupuuza Enter, isingefanya hivyo kamwe.

Historia ya Qt inaeleza kwa nini bado watu huiogopa kidogo. Ilianzishwa na Wanorwe wawili, Haavard Nord na Eirik Chambe-Eng, mwaka 1991, ikatoka hadharani mwaka 1995. Mradi wa KDE, wa mazingira ya mezani ya Linux, ulipoichagua mwaka 1996, leseni yake haikuwa huru kamili, na hofu hiyo ni mojawapo ya sababu zilizozaa GNOME, mshindani wake, mwaka 1997 juu ya GTK, maktaba ambayo Peter Mattis na Spencer Kimball walikuwa wameitengeneza kwa ajili ya programu yao ya picha, GIMP. Qt ilipewa leseni ya LGPL kuanzia toleo la 4.5 mwaka 2009. Mtu anayeuza programu yake kwa duka bila kutoa msimbo atazame hapa kabla ya kuandika mstari wa kwanza: PySide iko chini ya LGPL, inayokuruhusu kuuficha msimbo wako, lakini PyQt ni GPL, inayokudai uutoe, au leseni ya kulipia. Mimi nilianza na PyQt5 bila kusoma, kisha nikahamia PySide2. Majina mengi yanafanana, kwa hiyo uhamisho ulikuwa kazi ya jioni moja na mshumaa.

Kabla ya hapo, niliipa Electron mwezi mzima. Ndilo toleo la pili, lile nisilopenda kulizungumzia. Nilikuwa nimefanya kazi ya tovuti, najua HTML na CSS, na kwa uzuri hakuna maktaba iliyonipa matunda haraka hivyo: kivuli hapa, rangi ya shaba pale, majedwali yanayopumua. Lakini kivinjari kizima kinapoamshwa kwa ajili ya fakture ya kilo mbili za misumari, mtu hulipa kwa kumbukumbu. Programu tupu peke yake, kabla hujaandika chochote cha maana, hupita megabaiti 100 kwenye diski, na huendesha michakato kadhaa kwa pamoja. Kwenye gigabaiti 2, baada ya umeme kurudi, nilihesabu moyoni hadi 40 kabla dirisha halijafunguka, na wanunuzi walikuwa wanahesabu nami. Sisemi Electron ni mbaya. Nasema mimi niliipeleka mahali ambapo haikuahidi kuishi. Tauri, iliyofikia toleo la 1.0 mwaka 2022, huacha lori nyumbani na kutumia kivinjari kilichomo ndani ya mfumo, na kwa kompyuta mpya ningeijaribu leo.

GTK nitaipita haraka. Kwenye Linux ni maktaba tulivu, ya C, yenye mpangilio ninaouheshimu. Kwenye Windows, kuifunga pamoja na Python ili mtu aisakinishe kwa kubonyeza mara mbili kulinichosha kabla sijafika kwenye kitufe cha kwanza. Nayo wxPython, daraja la Python kwenda wxWidgets, niliitumia kwa programu moja ndogo, ikanitumikia vizuri, na sina kisa cha kusimulia.

Jambo ambalo lingepaswa kuwa juu ya kila meza ya ulinganisho ni dari ya umri. Python 3.8, iliyotoka mwaka 2019, ndiyo ya mwisho kukubali Windows 7, ya 3.9 haiingii. Qt 6, iliyotoka Desemba 2020, inataka Windows 10, kwa hiyo kwenye kaunta yangu mwisho ni Qt 5.15. Electron 22 ndiyo ya mwisho kwa Windows 7, na toleo la 23 la mwaka 2023 lilifunga mlango. Microsoft yenyewe iliacha kuihudumia Windows 7 Januari 2020, na kwa sababu hiyo kompyuta ya kaunta haijaunganishwa na intaneti. Kila mafunzo unayoyapata leo huanza na kusakinisha toleo la karibuni. Ukifuata bila kufikiri, utaandika programu nzuri ambayo itafunguka kwako tu, na kwa mteja itatoa ujumbe kwamba faili fulani la mfumo halipo.

Kwa hiyo toleo la tatu, linalofanya kazi hadi leo, ni PySide2 juu ya Python 3.8. Bei huonyeshwa kwa dola na kwa faranga, na kiwango cha siku huandikwa asubuhi na Mama mwenyewe katika kisanduku ambacho Qt inajua kusoma mkato wa Kifaransa. Uchapaji wa risiti nimeuhamishia kwenye uzi wa pembeni (uzi ni mfululizo mmoja wa kazi ndani ya programu, unaokwenda sambamba na mwingine), kwa sababu katika maktaba zote hizi, bila kubagua, madirisha yanamilikiwa na uzi mmoja tu. Uzi huo ukisubiri printa iliyoishiwa karatasi, dirisha zima hufifia na Windows huandika kwamba programu haijibu. Mifuko mitatu ya simenti imewahi kuuzwa mara mbili kwa ajili ya kufifia huko.

Tk sijaitupa. Kikokotoo cha mabati, ambacho hupokea urefu na upana wa paa na kutoa idadi ya bati, bado ni Tkinter, mistari isiyofika mia mbili, na huenda ndiyo programu yangu pekee ambayo hakuna aliyewahi kuniita kwa ajili yake.

Mwezi uliopita Mama alipata kaunta ya pili, upande wa Katuba, na kompyuta aliyoipata kwa ajili yake ni dhaifu kuliko ya kwanza. Safari hii naandika kwa Lazarus, ambayo hutoa faili moja la programu lisilohitaji Python wala maktaba za Qt pembeni yake, na kwenye Windows hutumia vitufe vya mfumo. Ninajua maana yake: ile dirisha ya "Futa" na "Iache" nimeiunda mwenyewe tena, siku ya kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Orodha ya bidhaa tayari inafunguka kabla sijamaliza kuketi, lakini inakubali nukta na inakataa mkato, na nitalishughulikia hilo kesho umeme ukiwepo.